Swali Nililolipa Alama Nne

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri, katika shule moja ya sekondari ya kutwa hapa Dodoma mjini. Upepo ulikuwa unaingiza vumbi kupitia madirisha yasiyo na vioo, na wanafunzi wa mbele walikuwa wamefunika daftari zao kwa viwiko. Nilikaa meza ya majaji, mtu wa tatu, karatasi ya alama mbele yangu. Mwalimu anayesimamia midahalo ni rafiki wa siku nyingi. Aliponiomba nije, nilikubali hata kabla hajaitaja hoja.

Hoja ilikuwa hii: viongozi wa kisiasa wanastahili tuzo za amani za kimataifa.

Mvulana wa upande wa kuunga mkono alikuwa hodari kwelikweli. Alikuja na Sadat wa Misri na Begin wa Israeli wa 1978, akaja na Mandela na de Klerk wa 1993, akapandisha sauti pale panapofaa na kuishusha pale panapofaa. Bwalo zima lilimpigia makofi. Nilimpa alama nane.

Akasimama msichana wa kidato cha tatu, upande wa kupinga. Alisalimu kama inavyotakiwa: mwenyekiti, majaji, katibu, mtunza muda. Kisha akanyamaza. Nikadhani amesahau alichokariri. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya sokoni Majengo:

"Mheshimiwa mwenyekiti, hawa wanaotoa tuzo, huwa wanakwenda kuwauliza watu waliokuwa kwenye vita?"

Akasubiri. Hakuna aliyejibu, maana kwenye mdahalo hakuna aliyewekwa wa kujibu.

"Mimi nauliza tu. Waliulizwa?"

Akaketi. Alikuwa bado na dakika mbili na nusu. Wenzake walicheka, na mtunza muda akabaki anaangalia saa yake. Mimi nikaandika: *Hakutoa hoja, ameuliza swali.* Nikampa alama nne kati ya kumi.

Hiyo ni wiki sita zilizopita. Swali lile halijaniacha.

## Furaha ya Oktoba

Jioni ile, nikiwa kwenye daladala kurudi Nkuhungu, nilijaribu kumjibu kimoyomoyo. Nilitafuta mfano wa kiongozi aliye karibu nasi, aliyepewa tuzo kwa haki, ambaye watu wake wangeulizwa wangeitikia kwa sauti moja. Jina la kwanza lililonijia lilikuwa Abiy Ahmed, waziri mkuu wa Ethiopia.

Nakumbuka tarehe 11 Oktoba 2019, siku aliyotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani. Nilifurahi kama nimepewa mimi. Niliweka picha yake kwenye stetasi, nikaandika maneno marefu juu ya Afrika inayojitatulia mambo yake. Na furaha ile ilikuwa na msingi. Julai 2018 alikuwa amekwenda Asmara akamkumbatia Isaias Afwerki, rais wa Eritrea, na wakatangaza kwamba vita iliyoanza 1998 imekwisha. Mapigano yenyewe yalikoma mwaka 2000, baada ya kuua makumi ya maelfu ya watu, lakini nchi mbili zilibaki zimenuniana kwa miaka kumi na minane. Simu zilipofunguliwa, watu walikuwa wanapiga namba wasizozijua kabisa, mradi tu ni za upande wa pili, wasikie mtu akiitikia. Hadi leo nikikumbuka habari ile koo hunikaba.

Kwa hiyo sikutaka kumwona Abiy kama kosa. Sikutaka kabisa.

Lakini swali la binti yule lilinilazimisha kufungua ramani, jambo ambalo sikulifanya 2019. Mpaka wa Ethiopia na Eritrea kwa sehemu kubwa unapita Tigray, jimbo la kaskazini mwa Ethiopia. Badme, kile kijiji kilichoanzisha vita, kipo hapo. Mji wa Zalambessa upo hapo. Watu waliobomolewa nyumba, waliozika, walioishi miaka yote ile wakitazamana na mahandaki, wengi wao ni watu wa hapo. Amani ilisainiwa na Addis Ababa na Asmara. Wao walikuwa katikati.

Mpaka ulifunguliwa Septemba 2018. Ndugu walikutana, biashara ikachangamka. Lakini kufikia katikati ya 2019 vituo vya mpakani vilikuwa vimefungwa tena, kimoja baada ya kingine. Kwa maneno mengine, siku ile Oslo, Norway, wanatangaza jina, mama wa Zalambessa aliyetaka kwenda kumsalimia dada yake upande wa pili hakuwa na pa kupitia.

Angeulizwa, angesema.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2020, vita ya Tigray ikaanza. Wanajeshi wa Eritrea waliingia kupigana upande mmoja na jeshi la Ethiopia, jambo ambalo Abiy mwenyewe alilikiri Machi 2021. Wale wawili waliokumbatiana sasa walikuwa pamoja vitani, na waliokuwa mbele ya bunduki ni wale wa katikati. Januari 2022 Kamati ya Nobel ilitoa tamko kwamba Abiy, kama waziri mkuu na kama mshindi wa tuzo, ana wajibu wa pekee wa kuikomesha. Vita ilisimamishwa kwa mkataba wa Pretoria, tarehe 2 Novemba 2022.

Nimesoma tamko lile mara nyingi. Linasikika kama mzazi anayemkumbusha mtoto ahadi aliyoiweka mbele ya wageni. Wangefanya nini kingine? Tuzo ya Nobel ikishatolewa hairudishwi. Kanuni haziruhusu.

## Nani ana haki ya kutaja jina

Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu Dodoma tunapishana nalo kila siku bila kulijua.

Mbunge wa nchi yoyote ana haki ya kupendekeza jina kwa ajili ya Tuzo ya Nobel ya Amani. Yoyote. Wakati wa vikao vya Bunge, yale magari yanayokusimamisha kwenye kivuko yamebeba watu ambao, wakiamua, wanaweza kuandika barua kwenda Oslo kufikia tarehe 31 Januari na barua ikapokelewa. Pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, profesa wa historia au wa sheria anaweza. Mawaziri wanaweza. Waliowahi kushinda wanaweza. Majina yote yanayopendekezwa hufungiwa kwa miaka hamsini. Mwishowe watu watano walioteuliwa na Bunge la Norway huamua.

Sisemi ni utaratibu wa hila. Kamati ina washauri, na huagiza taarifa za wataalamu kuhusu majina yaliyochujwa. Ila nimeupitia utaratibu ule nikimtafuta mama wa Zalambessa, nimekosa mlango wake. Hayumo kwa wanaopendekeza wala hayumo kwa wanaoamua. Labda ametajwa ndani ya taarifa ya mtaalamu mmoja, kwenye sentensi moja.

Asiyekuwepo na lake halipo. Tunaisema methali hii kwa mzaha tukimlia mtu kipande chake cha nyama. Sikuwahi kuifikiria hivi.

Kisha kuna wosia wenyewe, ule ulioanzisha tuzo. Alfred Nobel aliuandika Novemba 1895, na alitaka tuzo ziende kwa waliowafaa binadamu katika mwaka uliotangulia. Mwaka uliotangulia! Nilipoliona hilo nilielewa haraka inatoka wapi. Obama aliapishwa tarehe 20 Januari 2009. Muda wa kupendekeza majina ulifungwa siku chache tangu hapo, na Oktoba akatangazwa. Desemba alikwenda kuipokea siku chache baada ya kutangaza kupeleka wanajeshi elfu 30 zaidi Afghanistan. Sitakaa sana kwake, kila mtu ameshasema lake. Ninachotaka kusema ni kwamba haraka ile haikuzaliwa na kamati ya leo. Mwenye mali ndiye aliyeitaka.

## Kutuza

Neno letu ni zuri kuliko tunavyolitumia. Tuzo linatokana na kutuza.

Nendeni kwenye muheme, ngoma zile za akina mama wa Kigogo, muone kutuza kukoje. Mama amepakata ngoma yake, jasho linamtoka, mikono haionekani kwa kasi. Mtu anatoka kwenye duara akicheza, anafika, anambandika noti kwenye paji la uso. Anayetuza yuko pale. Vumbi la miguu ya wachezaji limempata na yeye. Akimtuza ovyo mpigaji mbaya, duara zima linamwona, na kesho yake watakutana kisimani.

Ndiyo maana wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa.

Tuzo ya kimataifa imeligeuza jambo hili. Amecheza kwao, anatuzwa ugenini, na waliokuwa kwenye duara wanasikia habari redioni. Yawezekana wanakubali. Yawezekana wangependa kusema, ngoja kwanza, ngoma haijaisha.

Niliipenda sana hoja hii nilipoipata. Nilitaka kuandika makala fupi, niimalize hapo, niombe radhi kwa binti yule. Ila mama yangu alizaliwa Kongwa, na Kongwa ilinivurugia.

## Kongwa

Jumamosi moja nilipanda basi, Ihumwa, Buigiri, nikashuka Mbande, nikachukua gari la kwenda Kongwa. Mama mkubwa alikuwa nje anapepeta uwele. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za watoto, kisha akanipa ungo niendelee mimi. Kwa mama mkubwa huwezi kukaa bure.

Hamhitaji niwaeleze Kongwa. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianguka pale, matrekta yakashindwa na ardhi na ukame, na mwaka 1951 wakaufunga. Kuanzia 1964 mahali palepale pakawa kambi ya wapigania uhuru: Afrika Kusini, Msumbiji, Namibia, Angola, Rhodesia. Mama mkubwa alikuwa msichana wa miaka kumi na kitu. Walimtuma na kibuyu cha maziwa.

"Walikuwa wanasema mwakani wanakwenda kwao," aliniambia. "Kila mwaka mwakani. Wengine walijifunza kusalimia, mbukwenyi, wanasema vibaya, tunacheka. Wengine wako hapa hapa, makaburini."

Sasa tazameni tarehe hizi. Albert Luthuli, rais wa ANC, alipokea Tuzo ya Nobel ya Amani mjini Oslo tarehe 10 Desemba 1961. Tanganyika ilikuwa na siku moja ya uhuru. Siku sita baadaye, tarehe 16 Desemba, Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la ANC, ikalipua mabomu yake ya kwanza Afrika Kusini. Ndani ya miaka mitatu vijana wa Umkhonto walikuwa Kongwa, wanakunywa maziwa ya kibuyu cha mama mkubwa.

Luthuli alikuwa mwanasiasa. Chama chake kilishika bunduki akiwa hajamaliza hata wiki na nishani yake. Alistahili?

Nilikaa na ule ungo mikononi, na jibu lilinijia bila kulitafuta: ndiyo, alistahili kabisa. Watu weusi wa Afrika Kusini wangeulizwa, wangesema apewe jana. Luthuli hakuwa na jeshi wala gereza. Hakuwa hata na pasi ya kusafiria. Serikali iliyokuwa imemfungia kijijini kwake ilimpa ruhusa ya siku chache tu aende akapokee. Tuzo ile haikumwongezea nguvu mwenye nguvu. Ilimwashia taa mtu aliyetakiwa afie gizani.

Nikajiambia basi nimepata mpaka: mwanasiasa asiye na dola apewe, mwenye dola asubiri. Nilishusha pumzi. Nilidumu na amani hiyo siku mbili.

Aung San Suu Kyi wa Myanmar alipewa tuzo 1991, akiwa kizuizini nyumbani kwake, bila dola. Mfano halisi wa mpaka wangu. Mwaka 2017, yeye akiwa kinara wa serikali ya kiraia, Warohingya, Waislamu wa nchi hiyo, zaidi ya laki saba walikimbilia Bangladesh, vijiji vyao vikiwaka moto nyuma yao. Gambia, nchi ndogo kuliko mikoa yetu mingi, ndiyo iliyoipeleka Myanmar kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Na siku kesi ilipoanza kusikilizwa The Hague, tarehe 10 Desemba 2019, Suu Kyi alikuwa amekaa pale mbele, amekuja kuitetea nchi yake.

Tarehe 10 Desemba 2019 ndiyo siku Abiy Ahmed alipokuwa Oslo akipokea nishani.

Mmoja alikuwa anaingia, mwingine anaonekana alikofikia. Siku moja, bara moja la Ulaya. Mimi siku hiyo nilikuwa natazama sherehe ya Oslo tu.

Kwa hiyo mpaka wangu haukusimama. Mtu asiye na dola leo anaweza kuwa nayo kesho, na nishani ya jana inabaki shingoni.

Nilimuuliza mama mkubwa, Mandela alipopewa tuzo ile 1993, mlisikia hapa Kongwa?

"Nani angetuambia?"

Hakusema kwa uchungu. Aliniambia niupepete vizuri uwele, nimebakiza makapi.

Na Mandela na de Klerk pia wamenisumbua. Walipewa Desemba 1993, uchaguzi ulikuwa bado hadi Aprili 1994, na katikati ya hapo watu walikuwa wanauana kule Natal na pembezoni mwa Johannesburg. Ile nayo ilikuwa tuzo ya mkopo, sawa na ya Abiy. Deni lililipwa, basi sisi tunaikumbuka kama tuzo ya haki. Lingeshindikana, tungesema nini leo? Mvulana yule wa alama nane asingeitaja.

## Muhuri

Kuna jambo la kijijini ambalo nimelikumbuka tangu safari ile. Kijiji sitakitaja.

Ng'ombe waliingia shamba la mtama, likatokea panga, kijana wa kifugaji akaumizwa vibaya mkono. Wiki mbili watu hawakulala. Waliotuliza mambo, nasema hivi kwa kuwa nilikuwepo kwa likizo na niliona, walikuwa akina mama. Kisima kilikuwa kimoja. Mama wa kifugaji na mama wa kikulima walilazimika kupanga foleni moja, na foleni ikizaa ukimya wa siku tatu, siku ya nne mmoja huuliza mgonjwa anaendeleaje. Bibi mmoja mkulima, mfupi, anayetembelea fimbo, alikwenda kwa miguu hadi boma la wale wafugaji kumpa pole mama wa yule kijana. Alikaa huko mchana kutwa. Aliporudi, watu wakaanza kulala.

Miezi michache baadaye ikaja sherehe, na wageni, na turubai. Mwenyekiti wa kijiji akapewa cheti cha amani kwenye fremu, na baiskeli. Akina mama walikuwa nyuma ya turubai wanapika. Yule bibi wa fimbo alikuwa anachambua mchele.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama kisa cha dhuluma, na nilimsimulia mwenyekiti yule vibaya. Sasa nimekumbuka sehemu niliyokuwa nairuka. Baada ya bibi kurudi kutoka bomani, ilihitajika njia ya kupitishia mifugo, palio, ipimwe na iheshimiwe. Mashamba matatu yalilazimika kumegwa. Mwenyekiti aliitisha mkutano, akatukanwa na wapiga kura wake mwenyewe, akagonga muhuri. Shamba moja kati ya yale matatu lilikuwa la kaka yake. Bila muhuri ule, huruma ya bibi ingeishia masika yaliyofuata, ng'ombe wakirudi.

Alifanya kitu ambacho bibi asingeweza kukifanya. Na kilimgharimu.

Hapo ndipo niliposhindwa kurudi kwenye upande wa kupinga. Amani ina sehemu ambayo ni ya kalamu, na kalamu anayo mwanasiasa. Sadat alikwenda Jerusalem 1977, akasaini, akapewa tuzo, na tarehe 6 Oktoba 1981 wanajeshi wake wakampiga risasi kwenye gwaride. Rabin, waziri mkuu wa Israeli, alipewa 1994, na Novemba 1995 raia wa nchi yake akamuua akitoka kwenye mkutano wa amani. Siwezi kusema hawakulipa kitu. Kusema viongozi hawastahili kamwe ni kusema muhuri haugharimu, na si kweli.

Lakini yule bibi hakuulizwa. Cheti kilipokuja, hakuna aliyepita kwake, hata kwa adabu tu, kusema: mama, tunataka kumpa mwenyekiti heshima hii, wewe unaonaje? Namfahamu. Angesema mpeni. Kisha angesema na habari ya yule kijana ambaye mkono wake haukunyooka tena, na hakuna aliyemlipia matibabu. Wageni wangeondoka na cheti chao wakiwa wamelijua hilo.

## Jirani fundi

Najua mtaniuliza Mwalimu je. Kila mazungumzo ya tuzo hapa kwetu hufika kwake: kwa nini Nyerere hakupewa Nobel? Nimelalamika sana juu ya hilo, nimelalamika hata hapa.

Alipewa nyingine. Nishani ya Nansen, ile ya wakimbizi, 1983. Tuzo ya Lenin ya Amani, 1987. Tuzo ya Gandhi ya Amani, 1995, yeye akiwa wa kwanza kabisa kuipata. Ile ya Nansen alipewa miaka minne tu baada ya vita vya Kagera. Amiri jeshi aliyewaambia Watanzania uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin vipo, akapewa nishani ya kuwahifadhi wanyonge. Sioni mgongano. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walikuwa wameshaishi hapa zaidi ya miaka kumi, Ulyankulu, Katumba, Mishamo. Wanyarwanda wapatao elfu 36 walikuwa wamepewa uraia 1980. Mtu angeweza kwenda kuwauliza, na wangekuwa na la kusema.

Nina jirani, fundi cherehani, aliyezaliwa Ulyankulu na wazazi waliokimbia mwaka ule. Nilimpelekea gauni kurekebisha, nikamuuliza moja kwa moja: kaka, Mwalimu alistahili ile nishani?

Akatoa pini mdomoni.

"Angepewa hata mbili, dada. Kisima tulichimba wenyewe, na msitu tulifyeka wenyewe, watu wakifa kwa malale. Lakini hakuturudisha. Angepewa hata mbili." Akapima mshono. "Na yule mzee wa Kinyamwezi aliyempa baba jembe la kwanza, naye apewe."

Ndilo jibu nililokuwa nalitafuta tangu ile Ijumaa, na lina vitu vitatu ambavyo taarifa ya mtaalamu isingevipata: malale, jembe, na mtu mmoja ambaye hatajwi popote.

Nimekuja kuamini kwamba kiongozi anaweza kustahili. Naamini pia kwamba wanaojua kama anastahili ni waliokuwa katikati, na kwamba kumpa bila kuwauliza ni kuwanyang'anya kitu mara ya pili. Chissano, aliyekuwa rais wa Msumbiji, ambaye FRELIMO yake ilikuwa na watu Kongwa, alipewa tuzo ya Mo Ibrahim 2007, akiwa ameshaachia madaraka kwa hiari yake miaka miwili nyuma, na vita ya Msumbiji ikiwa imekoma tangu mkataba wa Roma wa 1992. Miaka kumi na mitano. Ile si tuzo ya amani kwa jina, ni ya uongozi, na kuna miaka mingi haimpati mtu kwa sababu hakuna aliyefikia. Watu hulalamika inapokosa mshindi. Mimi naona mwaka usio na mshindi ni mwaka ambao mtu fulani ameheshimiwa kule kijijini.

Mapigano ya RENAMO, waliopigana na serikali ya FRELIMO, yalirudi 2013, nalijua hilo pia. Miaka kumi na mitano nayo ilikuwa michache.

## Karatasi ya alama

Juzi nilimpigia simu mwalimu. Nilimwomba arekebishe alama za binti yule. Alishangaa, matokeo yalishasomwa, upande wa kuunga mkono ulishashinda, zawadi za madaftari zilishagawiwa. Akaniambia binti mwenyewe hana kinyongo, wiki hii yuko upande wa kuunga mkono kwenye hoja ya chakula cha mchana shuleni, na anazungumza hadi kengele.

Nikamwomba basi jambo moja. Kwenye karatasi ya alama kuna sehemu ya hoja, ya ushahidi, ya lugha, ya muda. Aongeze sehemu ya swali.

Alinyamaza kidogo. Nilisikia wanafunzi nyuma yake, na upepo.

Akasema atawauliza walimu wenzake. Halafu akasema, na wanafunzi pia.